Saa, mkanda, pumzi au wati: kipimo kipi cha mazoezi kinakufaa?

Watu wawili wanaweza kutembea njia moja, kwa mwendo mmoja na kwa muda uleule, mmoja akafika akipiga soga na mwenzake akafika anatweta. Ukiuliza nani kafanya zoezi kali zaidi, jibu liko wazi: anayetweta. Ukiuliza nani katumia nishati nyingi zaidi, huenda akawa yule mpiga soga, hasa kama ndiye mwenye mwili mzito. Mwili mzito hugharimu nishati zaidi kuusogeza, uwe na mazoezi usiwe nayo. Hayo ni maswali mawili tofauti, na vurugu kubwa ya vipimo vya mazoezi inatokana na kuyachanganya.

La kwanza ni swali la ukali: mwili unafanya kazi kwa sehemu gani ya uwezo wake? La pili ni la matumizi: zimetumika kilokalori ngapi? Vifaa vingi vinauzwa kana kwamba vinajibu yote mawili kwa mpigo. Msimamo wangu niuseme mapema, ili msomaji ajue naelekea wapi: ukali unaweza kuupima vizuri kwa gharama ndogo, au bila gharama yoyote. Kalori, ukishatoka maabara, ni makisio, na namba inayowaka kwenye kioo cha saa haistahili kukuamulia utakula nini jioni.

Maabara, kwa sababu vingine vyote vimetoka huko

Mwili huunguza chakula kwa oksijeni, na hapo ndipo kipimo kinapoanzia. Kila lita ya oksijeni inayotumika hutoa takriban kilokalori 5: karibu 4.7 kama kinachoungua ni mafuta matupu, na zaidi ya 5 kidogo kama ni wanga mtupu. Kwa hiyo mtu akivishwa barakoa inayopima oksijeni anayotumia na kaboni dioksidi anayotoa, nishati yake inapatikana kwa hesabu fupi. Inayotumika sana ni ile ya Weir, iliyochapishwa mwaka 1949. Kabla ya mashine za kisasa, pumzi ilikusanywa katika mfuko mkubwa alioubuni C. G. Douglas mwaka 1911, kisha hewa ile ikachambuliwa baadaye. Mapema zaidi, mwishoni mwa karne ya 19, Wilbur Atwater na Edward Rosa walijenga huko Marekani chumba kizima ambamo mtu aliweza kuishi siku kadhaa huku joto linalotoka mwilini mwake likipimwa.

Barakoa hujibu maswali yote mawili, dakika kwa dakika. Ikiunganishwa na mashine ya kukimbilia inayoongezwa kasi kidogo kidogo, hutoa pia kiwango cha juu kabisa cha oksijeni ambacho mwili unaweza kutumia, kile wanamichezo wanachokiita VO2max. Ubaya wake ni kwamba huwezi kuishi umeivaa. Hakuna anayelima, anayecheza mpira au anayepanda ngazi na mizigo huku kavaa barakoa na mirija.

Kwa maisha ya kawaida watafiti hutumia maji. Mtu hunywa kipimo kidogo cha maji ambayo haidrojeni yake na oksijeni yake ni za aina nzito kuliko kawaida, zisizo na mionzi wala madhara, kisha anaachwa aendelee na shughuli zake. Haidrojeni ile hutoka mwilini kwa njia ya maji tu: mkojo, jasho, mvuke. Oksijeni hutoka kwa maji na pia kwa kaboni dioksidi. Ukipima mkojo wake siku ya kwanza na tena baada ya wiki moja au mbili, tofauti ya kasi ya kutoweka kwa hizo mbili inakuambia ametoa kaboni dioksidi kiasi gani, na hivyo ametumia nishati kiasi gani. Nathan Lifson na wenzake walieleza njia hiyo kwa wanyama mwaka 1955, lakini maji yenyewe yalikuwa ghali mno, na matokeo ya kwanza kwa binadamu yalichapishwa mwaka 1982 tu.

Ndiyo njia iliyotumika kwa Wahadzabe wa Tanzania katika utafiti wa Herman Pontzer na wenzake uliotoka mwaka 2012. Watu hawa hutembea sana kila siku kuwinda na kuchimba mizizi, lakini nishati yao ya siku nzima, ikishalinganishwa kwa ukubwa wa mwili, haikuachana na ya wakazi wa nchi za viwanda. Wataalamu bado wanabishana maana yake. Kwa anayechagua kipimo, linatosha hili: huwezi kuchukua kalori za zoezi ukazijumlisha juu ya siku kama unavyojumlisha fedha, kwa sababu mwili nao huenda ukabana matumizi kwingine.

Maji haya yana upungufu mmoja mkubwa. Yanakupa jumla ya wiki mbili. Hayawezi kukuambia kama Jumanne ulikimbia au ulilala.

MET: jedwali la kila shughuli

Baina ya maabara na mtaani kuna kipimo kiitwacho MET. MET 1 ni mwili uliokaa kimya, na kwa mapatano ni mililita 3.5 za oksijeni kwa kila kilo ya uzito kwa dakika, sawa na takriban kilokalori 1 kwa kilo kwa saa. Shughuli ya MET 4 inatumia mara nne ya hapo. Barbara Ainsworth na wenzake walikusanya shughuli nyingi katika orodha moja mwaka 1993, kuanzia kufua na kupiga pasi hadi kuruka kamba, na orodha hiyo imeongezewa mara kadhaa, toleo la karibuni likiwa la mwaka 2024. Mgawanyo wake ni mwepesi kukumbuka: chini ya 3 ni shughuli nyepesi, kuanzia 3 hadi 5.9 ni za wastani, 6 na kuendelea ni kali.

Utamu wa MET ni kwamba unahitaji saa ya kawaida na uzito wako, basi. Mtu wa kilo 70 anayetembea karibu kilomita 5 kwa saa kwenye tambarare yuko kama MET 3.5. Akitembea dakika 45, hesabu ni 3.5 mara 70 mara 0.75, yaani karibu kilokalori 184. Lakini ndani ya hizo zimo ambazo angezitumia hata angekaa kwenye kochi. Toa ile MET 1 ya kukaa, ubaki na 2.5, na jibu linashuka hadi 131 hivi. Tofauti hiyo ya zaidi ya 50 ndiyo inayowapotosha wengi, maana programu na mashine nyingi za mazoezi huonyesha jumla na watu huisoma kama ziada.

Kasoro ya pili imejificha katika ile namba 3.5 yenyewe. Mwaka 2005 Nuala Byrne na wenzake walipima zaidi ya watu 700 wakiwa wamepumzika na kupata wastani wa karibu mililita 2.6. Kwa wengi wetu, basi, jedwali linaanzia juu kuliko mwili unavyoanzia, na linawazidishia zaidi wenye uzito mkubwa na wenye umri mkubwa. Ndiyo maana toleo la 2024 likawatengea watu wa miaka 60 na zaidi orodha yao, yenye kianzio cha chini zaidi, 2.7.

Na kwa upande wa ukali, jedwali halikujui kabisa. Linasema kutembea kwa kasi ni shughuli ya wastani. Kwa kijana mkimbiaji hilo ni matembezi ya kupunga upepo. Kwa bibi wa miaka 80 anayetoka kuugua linaweza kuwa karibu na mwisho wa uwezo wake. MET hupima kazi. Aliyeibeba hiyo kazi haimpimi.

Mapigo ya moyo: fomula, mkanda, saa

Moyo unajibu swali la ukali vizuri kuliko jedwali, kwa kuwa unazungumzia mwili wako wewe. Ugumu uko katika kujua kilele chako, yaani mapigo ya juu kabisa ambayo moyo wako unaweza kufikia kwa dakika. Fomula maarufu ni 220 ukitoa umri, iliyotokana na makala ya mwaka 1971 na wala si jaribio lililopangwa kwa kusudi hilo. Mwaka 2001 Hirofumi Tanaka na wenzake walipendekeza 208 ukitoa umri uliozidishwa kwa 0.7. Kwa mtu wa miaka 40 zote mbili zinatoa 180. Kwa wa miaka 60 ya kwanza inatoa 160 na ya pili 166, na hapo ya pili ni bora, kwani ile ya zamani huwapunja wazee. Hata hivyo zote ni za wastani: watu wa umri mmoja hupishana kwa mapigo 10 juu au chini bila mmoja wao kuwa na tatizo lolote. Ukiona kwenye saa yako umepita "asilimia 100" na bado unaongea, fomula ndiyo iliyokosea.

Njia ninayoipendelea ni ya Martti Karvonen wa Ufini, ya mwaka 1957, inayotumia akiba ya mapigo: kilele ukitoa mapigo ya mapumziko. Chukua watu wawili wa miaka 40, wote kilele chao 180. Wa kwanza ana mapigo 60 akipumzika, wa pili 80. Zoezi la wastani ni asilimia 40 hadi 59 ya akiba, ukiijumlisha na mapigo ya mapumziko. Kwa wa kwanza, mwenye akiba ya 120, hiyo ni mapigo 108 hadi 131. Kwa wa pili, mwenye akiba ya 100, ni 120 hadi 139. Fomula ya asilimia ya kilele pekee ingewapa wote kipimo kimoja. Mapigo ya mapumziko yapime asubuhi kabla hujainuka kitandani, vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, dakika nzima.

Sasa kifaa. Mkanda wa kifua husikia umeme wa moyo wenyewe, kama kipimo cha ECG hospitalini kinavyofanya ingawa kwa uchache. Saa ya mkononi inaangaza mwanga, mara nyingi wa kijani, ndani ya ngozi na kusoma jinsi damu inavyoumeza kila moyo unapopiga. Ukiwa umekaa, au unatembea kwa mwendo usiobadilika, hutaona tofauti kubwa baina ya hizo mbili.

Tofauti inaonekana mambo yakichangamka. Vaa zote mbili asubuhi ya baridi, saa ikiwa imelegea kidogo, uanze kukimbia taratibu. Kwenye baridi damu imepungua mikononi, mwanga haupati cha kusoma vizuri, na mkono unapepea mbele na nyuma kwa hatua zako. Saa hushika mdundo ulio karibu, nao ni wa miguu. Unaona 165 na unashtuka, ilhali mkanda unasema 135 na pumzi yako imetulia. Baada ya dakika kumi mwili ukishapata moto, saa inashuka ghafla hadi 138 kana kwamba hakuna kilichotokea. Kaza saa, ipandishe upana wa vidole viwili juu ya mfupa wa kifundo, na sehemu kubwa ya tatizo hilo huisha. Kwenye mbio za kukurupuka na kupumzika, saa huchelewa: unamaliza sekunde 30 za nguvu zote, na namba ya juu inakuja wakati umeshaanza kutembea. Mchoro wa mwilini mahali saa inapokaa huziba mwanga. Kushika vishikio kwa nguvu, kwenye baiskeli au vyuma, huvuruga pia.

Mkanda una kero zake. Ukiwa mkavu hausomi hadi utoke jasho au uulowanishe, na kuna wanaochubuka. Lakini kwa anayetaka mapigo ya kuaminika katika zoezi la kupanda na kushuka, sioni sababu ya kununua saa ghali wakati mkanda wa kawaida unaounganika na simu unafanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Moyo wenyewe nao una yake. Joto, kukosa usingizi, kahawa, homa inayonyemelea na upungufu wa maji huongeza mapigo bila misuli kufanya kazi zaidi. Katika mbio ndefu mapigo hupanda polepole ingawa kasi ni ileile. Na wanaotumia dawa za presha za kundi la beta bloka, mapigo yao hufungwa chini, kwa hiyo fomula zote zilizotajwa hapa haziwahusu.

Kalori za kwenye saa

Hapa ndipo ninapokuwa mkali kidogo. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu vifaa saba vya mkononi kwa watu 60, wakivilinganisha na vipimo vya maabara. Sita kati ya saba vilipima mapigo kwa makosa ya chini ya asilimia 5. Kwenye nishati, kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na cha mwisho asilimia 93.

Miundo imebadilika tangu wakati huo, lakini sababu ya makosa haikuondoka. Saa inajua mapigo, mtikisiko, umri, uzito, urefu na jinsia. Haijui misuli yako inatumia oksijeni kiasi gani kwa kila pigo, wala kama moyo umepanda kwa mlima au kwa hasira. Ukinyanyua vyuma, mapigo hupanda kwa sababu ya kubana misuli na pumzi, huku oksijeni ikiwa haijapanda kwa kiasi hicho, na saa hukupa kalori za bure. Ukiendesha baiskeli mkono umetulia, kipima mtikisiko kinadhani umekaa.

Namba hiyo ina matumizi yake. Kama saa ni ileile, mtu ni yuleyule na zoezi ni la aina moja, inaweza kukuonyesha kwamba wiki hii umefanya zaidi ya wiki iliyopita. Usiipeleke mbali na hapo. Mtu anayekula kilokalori 400 kwa sababu saa imemwambia kazichoma, huku kachoma 280, atashangaa mizani ikimgomea mwezi mzima.

Wakimbiaji wana hesabu yao isiyohitaji saa: kwenye tambarare, mbio hutumia karibu kilokalori 1 kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita, uende haraka au taratibu. Mtu wa kilo 70 akikimbia kilomita 5 ametumia 350 hivi. Jedwali la MET kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa linatoa takriban hiyohiyo, jambo linalonipa imani na zote mbili.

Pumzi na hisia, vinavyodharauliwa

Gunnar Borg, mwanasaikolojia wa Uswidi, alibuni katika miaka ya 1960 kipimo cha kujikadiria kinachoanzia 6 na kuishia 20. Namba hizo zinachekesha hadi ujue sababu: zikizidishwa kwa 10 hukaribia mapigo ya moyo ya mtu mzima mwenye afya, kuanzia 60 akiwa amepumzika hadi 200 akiwa amefika mwisho. Zoezi la wastani liko kwenye 12 na 13, kali linaanzia 14. Baadaye alitoa kipimo kingine cha 0 hadi 10, nacho ndicho rahisi kwa asiyetaka kukariri.

Watu hudhani hisia ni kitu cha kubahatisha. Kwa anayeanza, ndivyo ilivyo: wiki za mwanzo kila kitu ni 17. Baada ya muda mwili hujifunza, na hisia hubeba vitu ambavyo hakuna kifaa kinachobeba kwa pamoja: joto, uchovu wa jana, njaa, goti linalouma. Mbaya wake ni ubishi. Kijana akiwa na wenzake atasema 12 huku macho yamemtoka.

Kwa hali hiyo kuna jaribio la kuongea, ambalo ni gumu kulidanganya. Ukiwa katikati ya zoezi, sema kwa sauti ya kawaida sentensi mbili tatu unazozijua kwa moyo, bila kukatiza. Kama zimetoka bila shida na hata ungeweza kuimba, zoezi ni jepesi. Kama unaongea lakini wimbo ungekushinda, uko kwenye wastani. Kama unatoa maneno mawili, unavuta pumzi, unatoa mengine mawili, umeingia kwenye ukali. Nyuma ya hilo kuna fiziolojia halisi. Kuongea kunahitaji kuzuia pumzi na kuitoa polepole. Misuli inapozalisha kaboni dioksidi kwa wingi, ubongo haukuruhusu tena kuizuia. Mahali unapoanza kukwama panakaribiana na kizingiti, yaani kiwango cha ukali ambapo pumzi huanza kupanda kwa kasi, ambacho maabara hukitafuta kwa barakoa, au kwa kutoboa kidole na kupima laktati, kemikali inayoongezeka kwenye damu kazi ikiwa kali.

Jaribio hili halikupi kalori hata moja. Katika swali la ukali, kwa mtu wa kawaida, mimi naliweka juu ya saa.

Hatua na wati

Hatua 10,000 zilitoka kwenye jina la kifaa: kihesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965 kwa jina lenye maana ya "kipima hatua 10,000". Hakuna maabara iliyofikia namba hiyo kwanza. Kinachofaa zaidi kwa ukali ni kasi ya hatua. Kwa watu wazima, hatua 100 kwa dakika hukaribia mwanzo wa zoezi la wastani, na 130 hukaribia mwanzo wa zoezi kali. Hesabu kwa sekunde 15, zidisha kwa nne. Kumbuka tu kwamba hatua haijui kilima wala mzigo, na saa ya mkononi hupoteza hatua nyingi ukiwa unasukuma toroli au umeshika fimbo iliyotulia.

Wati, kipimo cha nguvu unayotoa, ni mali ya waendesha baiskeli. Mwaka 1986 Mjerumani Ulrich Schoberer alileta kipima nguvu kinachokaa kwenye mkono wa pedali, na tangu hapo hakuna mchezo wa nje unaopima kazi kwa usahihi zaidi. Mwili hugeuza takriban asilimia 20 hadi 25 ya nishati yake kuwa kazi kwenye pedali, inayobaki ikawa joto. Ukishikilia wati 150 kwa saa moja umefanya kilojuli 540 za kazi, na mwili umetumia kati ya kilokalori 520 na 645 hivi. Mwanya huo ni mdogo kuliko makosa ya vile vifaa vya mkononi vilivyojaribiwa Stanford. Wati pia haichelewi kama moyo: ukisukuma, inapanda papo hapo. Upande wa pili, wati 150 ni matembezi kwa mmoja na ni jehanamu kwa mwingine, kwa hiyo lazima kwanza ujipime uwezo wako ndipo namba ipate maana.

| Njia | Ukali | Nishati | Inapokwama |
|---|---|---|---|
| Barakoa ya maabara | Bora | Bora | Haitoki nje ya maabara |
| Maji yenye atomi nzito | Haipimi | Bora, kwa jumla ya wiki | Ghali, haigawanyi siku |
| Jedwali la MET | Dhaifu | Wastani | Halimjui mtu |
| Mkanda wa kifua | Nzuri sana | Dhaifu | Dawa, joto, kilele cha kukisia |
| Saa ya mkononi | Nzuri kwenye mwendo tulivu | Dhaifu | Baridi, mikurupuko, vyuma |
| Borg na kuongea | Nzuri | Haipimi | Ubishi na ugeni |
| Kasi ya hatua | Wastani | Dhaifu | Vilima, mizigo |
| Wati | Nzuri ukishajipima | Nzuri | Baiskeli tu, bei |

Nani achukue nini

Kama lengo lako ni afya tu, Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2020 linataka dakika 150 hadi 300 za zoezi la wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za zoezi kali, au mchanganyiko. Hapo unahitaji saa ya ukutani na mdomo wako. Ongea, hesabu dakika, umemaliza.

Anayetaka kupunguza uzito ndiye anayedanganyika zaidi na vifaa. Huyu apime mizani kila siku asubuhi na kuchukua wastani wa wiki, maana mizani tayari imejumlisha chakula, mazoezi na ule ubanaji wa mwili. MET ukishatoa ile moja ya kukaa inatosha kumpa picha. Kalori za saa azizime kwenye mipangilio kama zinamjaribu.

Mkimbiaji anayejiandaa kwa mbio ndefu anafaidika na mkanda kwa siku za mwendo wa taratibu, kwa sababu kosa la wengi ni kukimbia haraka mno siku ya kupumzisha miguu. Siku za mikurupuko autazame muda na umbali, mapigo ayaangalie baadaye. Mwendesha baiskeli mwenye uwezo anunue wati kabla ya kununua magurudumu mepesi.

Mwenye dawa za beta bloka, mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo, na mjamzito, waende na Borg na kuongea, na mipaka waulize daktari wao. Fomula za umri hazikutengenezwa kwa ajili yao.

Kwa vyuma, karibu kila kitu kilichotajwa hapa ni cha kuweka kando. Mapigo yanadanganya, hatua hakuna, MET ni ya kubahatisha. Wanaofanya vyuma kwa umakini hujiuliza swali moja mwisho wa kila seti: ningeweza kunyanyua mara ngapi zaidi kabla ya kushindwa? Ikiwa ni tatu au chini ya hapo, seti ilikuwa nzito ya kutosha. Ikiwa ni nane, ongeza uzito.